Namna ya Kumwanzishia Mtoto Mdogo Gofu Kuanzia Shimoni

Mzazi anayetaka kumwingiza mtoto wa miaka minne, mitano au sita katika gofu kwa kawaida huanzia mahali pasipofaa. Humpeleka uwanjani, humkabidhi fimbo ya mtu mzima, humwonyesha bendera iliyo mbali, kisha humtaka aupige mpira uende huko kwa nguvu zake zote. Mtoto hukosa mara tatu, mara ya nne huchimba udongo, na ya tano huiacha fimbo chini na kwenda kutafuta panzi. Mtoto huyo hana kosa lolote, kwani ameanzishiwa mchezo kwa mkwaju ulio mgumu kuliko yote. Gofu ya mtoto mdogo ianzie shimoni, kwa mkwaju mfupi kabisa, kisha irudi nyuma hatua kwa hatua kadiri miezi inavyopita, kwa sababu kinachomfurahisha mtoto ni kuuona mpira ukizama na kuusikia ukigonga kitako cha kopo lililofukiwa shimoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutengeneza shimo nyumbani, na ua wa kawaida wa Uyole, Mafinga au Makambako, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, unatosha. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na kopo tupu la rangi la lita moja linakaribia sana kipimo hicho, hivyo ukilifukia hadi mdomo ulingane na ardhi umepata shimo lako. Kwanza hakikisha kingo zake hazina ncha za kukata, maana mtoto ataingiza mkono humo mara nyingi. Kwa wiki za mwanzo hata kopo hilo ni dogo mno, na ningeshauri ulaze ndoo ndogo ya plastiki ubavuni, mdomo ukimwelekea mtoto, ili akose mara chache. Bendera ni ufito wa mwanzi na kipande cha kitenge. Iringa, ambako mianzi hupandwa kwa ajili ya ulanzi, ufito huo hauna gharama. Mwache mtoto achague rangi ya kitambaa na aisimike bendera mwenyewe, kwa kuwa shimo alilolisaidia kulijenga atalirudia bila kuitwa.

Fimbo inahitaji uangalifu zaidi. Wazazi wengi hukata fimbo kuukuu ya mtu mzima wakidhani urefu ndio tatizo pekee, lakini kichwa cha fimbo hiyo hubaki kizito vilevile na mpini huwa mgumu zaidi baada ya kukatwa, hivyo mtoto hulazimika kuubeba uzito kwa mwili mzima na kujifunza kuyumba. Usipopata fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, nenda kwa fundi seremala ukamwombe akuchongee fimbo ya kusukumia mpira kwa mbao nyepesi ya paini, ambayo katika ukanda wetu haikosekani. Uso wa kichwa uwe bapa na wima, na ncha ya mpini, mtoto akisimama wima, ifike kiunoni pake. Sehemu ya kushikia izungushiwe utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli ili isiteleze. Mtoto aweze kuibeba fimbo yake kwa mkono mmoja huku akitembea. Asipoweza, ni nzito.

Mpira wa kwanza uwe wa tenisi. Mpira halisi wa gofu hauzidi gramu 45.93, lakini ni mgumu kama jiwe, na ukirushwa karibu na nyumba huvunja kioo au kumuumiza mtu. Utumie kwa mikwaju ya kusukuma tu, mtoto atakapokuwa amezoea. Kabla ya mkwaju wowote pawe na sheria moja isiyobadilika: anayepiga husimama peke yake, na wengine wote, ukiwemo wewe, wadogo zake na hata mbwa, hukaa hatua tano nyuma yake. Chora mstari ardhini kwa kijiti. Mtoto aangalie mstari kwanza, aseme "tayari", ndipo apige. Katika mambo yote ya mchezo huu, hili ndilo pekee ambalo mzazi analisimamia kwa ukali.

Muda mzuri wa kucheza katika nyanda zetu ni kuanzia saa nne asubuhi. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Njombe na Makete huifanya mikono ya mtoto iwe migumu, na fimbo inayogonga vidole vilivyopoa huuma kiasi cha kumfanya aichukie. Kuanzia Novemba hadi Aprili tazama mawingu. Ukisikia radi, hata kwa mbali, kusanyeni vitu mwingie ndani, kwa kuwa uwanja wazi si mahali pa kusubiri mvua.

Sasa mtoto asimame hatua moja tu kutoka kwenye ndoo na asukume. Usimfundishe namna ya kushika fimbo kabla hajapiga mipira kumi kwa namna yake. Baada ya hapo mwambie jambo moja pekee, kwamba mikono miwili ikae pamoja kama marafiki, bila kuachana. Vidole vyote kumi vikishika mpini inatosha kabisa katika umri huu. Ikiwa anapendelea upande wa kushoto, mwache. Tunawafundisha watoto kula na kusalimia kwa mkono wa kulia, na ni adabu njema, lakini adabu hiyo haihusu fimbo ya gofu. Bob Charles wa Nyuzilandi alishinda The Open, mashindano makubwa ya gofu, mwaka 1963 akipiga kwa kushoto. Phil Mickelson wa Marekani ni mtu wa mkono wa kulia katika mambo mengine, ila alijifunza gofu akiwa mdogo kwa kusimama mbele ya baba yake na kumwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na hivyo akabaki mpigaji wa kushoto maisha yake yote. Mfano wa Mickelson naupenda kwa sababu unaonyesha kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kuangalia. Piga mwenyewe mipira michache, polepole, ukiwa kimya, naye atachukua kile anachokiona.

Kushindwa kunyamaza hivyo ndiko kulikonigharimu mimi. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano nilimrekebisha kiwiko, kisha magoti, kisha kichwa, kila mara kwa sauti ya upole, nikiamini kwamba upole unatosha. Baada ya siku kadhaa akaniambia, "Baba, leo nataka kumsaidia mama kuchambua mboga." Alikuwa anaomba ruhusa ya kuondoka. Tulikaa karibu miezi miwili bila kugusa fimbo, na aliporudi nilijiwekea mpaka: neno moja la mafunzo kwa siku, na mengine yote yawe mchezo.

Michezo hiyo haihitaji kubuniwa upya. Watoto wetu wanaijua rede, kwa hiyo panga makopo matatu kuwa mnara na mwache auangushe kwa mpira wa tenisi uliosukumwa kwa fimbo. Tumia pia mteremko, kwani nyua nyingi za Mbeya zimeinama: weka shimo chini pembeni na umuulize auelekeze wapi mpira ili uje wenyewe. Mtoto akigundua kwamba anapaswa kulenga upande wa juu wa mteremko na si kwenye shimo lenyewe, amelielewa jambo ambalo watu wazima huhangaika nalo. Kwa kuhesabu mikwaju, mpe punje kumi za maharage mfuko wa kulia, na kila anapopiga ahamishe punje moja mfuko wa kushoto. Anajifunza hesabu, na anajifunza kujihesabia mwenyewe kwa uaminifu, ambao ndio msingi wa gofu popote inapochezwa. Akisahau punje, usimshitaki. Muulize tu kama mikono yake imesema yote.

Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha, na umalize wakati bado anataka mpira mmoja zaidi. Kila baada ya wiki mbili au tatu rudi nyuma kidogo: hatua tatu, tano, kumi. Akifikia mbali kiasi kwamba kusukuma hakutoshi, mpe fimbo nyepesi yenye uso ulioinama na arushe mpira laini juu ya kamba iliyofungwa usawa wa magoti. Mkwaju wa nguvu utakuja wenyewe, mara nyingi bila kufundishwa.

Uwanja wa gofu uje baadaye, kama safari ya heshima. Mufindi kuna uwanja katikati ya mashamba ya chai, na mtoto anayetoka Iringa au Mbeya atayakumbuka majani yale mabichi kuliko mkwaju wowote. Omba ruhusa ya klabu mapema, uchague saa ambazo wachezaji ni wachache, uje na sweta na viatu vya mpira. Usimtembeze mashimo yote. Mawili au matatu yanatosha, na kila moja aanzie hatua thelathini kutoka kwenye bendera. Awaamkie makedi, yaani wabeba fimbo za wachezaji, shikamoo kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa ni wakubwa wake na wanaujua uwanja huo kuliko wageni wote. Akiingia kwenye shimo la mchanga lililowekwa uwanjani kama kizuizi, mwache auchezee kwanza, kisha mpe reki alainishe alama zake. Kipande cha nyasi kilichong'oka akirudishe mahali pake na kukikanyaga.

Mkifika nyumbani, mpime kwa fimbo yake mlangoni. Ikiwa ncha ya mpini imeshuka chini ya kiuno, ni wakati wa kurudi kwa seremala, na ile ya zamani iwekwe kando kwa ajili ya mdogo wake.