Jairo Ikifa Mawinguni, Kati ya Malindi na Manda

Kutoka Malindi hadi uwanja wa Manda, unakoshukia kwenda Lamu, ni maili 75 hivi za baharini ukienda kwa ndege. Njia yenyewe haina shida: hakuna mlima, pwani iko kushoto kwako mwanzo hadi mwisho. Kazi inakuja Mei, kusi imeanza kushika na masika hayajaisha. Mvua inaingia kutoka baharini, Ghuba ya Ungwana yote inakuwa rangi moja, hujui maji yameishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Ala, yaani saa ya dashibodi, ikiharibika hapo ndipo utajua kama ulifundishwa.

Haya ni ya ndege ndogo zenye saa za mshale, mfano Cessna 172 za zamani. Yafanyie mazoezi na mkufunzi, siku ya jua, ukiwa umezibwa usione nje. Usiyajaribu peke yako.

Hatua ya 1: Jua ipi inaendeshwa na nini

Upeo bandia (unaonyesha ndege imeinamaje) na saa ya mwelekeo (inaonyesha unaelekea wapi) zina jairo, yaani vigurudumu vinavyozunguka kasi, zinazozungushwa na hewa inayovutwa na pampu ya vakyumu kwenye injini. Saa ya kugeuka, inayoonyesha ndege inageuka upande gani na kwa kasi gani, kwa kawaida inatumia umeme. Saa za kasi, kimo na kupanda-kushuka zinategemea hewa ya nje. Kwa hiyo pampu ikifa umepoteza ala mbili. Nne bado zipo, pamoja na dira ya sumaku.

Geji ya vakyumu ni kasaa kadogo ambako wengi hawakaangalii. Katika ndege nyingi za aina hii inatakiwa isome kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Kila ukiangalia mafuta, iangalie nayo.

Hatua ya 2: Mkamate mwongo

Pampu inaweza kukatika ghafla, lakini jairo haisimami papo hapo. Inapungua mwendo kama pia ya mtoto, na inapopungua inaanza kulala upande. Upeo bandia unakuonyesha kwamba ndege imeinama kulia. Wewe unanyoosha, kumbe umeinamisha ndege kushoto. Hapo ndipo watu wanapotea. Ala iliyokufa kabisa hainitishi hata nusu ya ile inayokufa polepole.

Ukiona upeo bandia umelala, usiguse usukani kabla hujauliza ala nyingine. Saa ya kugeuka inasemaje? Dira inatembea? Kama saa ya kugeuka imetulia na dira haiondoki, ndege iko sawa na upeo bandia ndio mgonjwa. Malizia kwa geji ya vakyumu.

Hatua ya 3: Ifunike

Sasa hivi, si baadaye. Jicho limezoea kwenda katikati ya dashibodi na litaendelea kwenda huko hata ukijua ni uongo. Mimi hubeba vifuniko viwili vya mpira vinavyong'ang'ania kioo. Karatasi yenye gundi inafaa, hata kipande cha ramani kilichochomekwa pembeni. Funika upeo bandia na saa ya mwelekeo.

Hatua ya 4: Mabawa kwanza, pua baadaye

Saa ya kugeuka ikiwa sawa, mabawa yako sawa. Weka nguvu ya injini unayoijua, ile inayokupa mwendo wa kawaida bila kupanda wala kushuka, rekebisha trimu (kidhibiti kinachoshikilia pua mahali pake), kisha shika usukani kwa vidole viwili. Anayekaba usukani anaivuruga ndege ambayo ingejituliza yenyewe.

Kasi ikipanda na kimo kikianguka, umeingia kwenye mzunguko wa kushuka. Usivute usukani, maana ukivuta unakaza mzunguko. Punguza nguvu, sawazisha mabawa kwa saa ya kugeuka, halafu ndipo uinue pua taratibu. Mpangilio huo usiubadili.

Hatua ya 5: Geuka urudi ulikotoka

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na uzoefu wa ala. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Walipofundishwa utaratibu rahisi wa kugeuka nyuzi 180, waliweza kutoka.

Kwenda Lamu uelekeo ni kama nyuzi 040, kurudi ni 220. Weka kindege kilichochorwa kwenye saa ya kugeuka kwenye alama ya mgeuko wa kawaida, upande wa kushoto, uliko bara na dirisha lako. Ni nyuzi 3 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja kamili inatosha. Hesabu kwa saa ya mkononi, nyoosha mabawa, subiri dira itulie ndipo uisome.

Kuhusu dira: vitabu vingi vimeandikiwa marubani wa Ulaya na Marekani. Sisi tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, kwa hiyo makosa ya dira wakati wa kugeuka yanakuja kinyume na yalivyoandikwa, ingawa ni madogo. Usitumie kanuni yao kichwakichwa.

Hatua ya 6: Sema

Waite Malindi kwa redio: Pan-Pan mara tatu (wito wa hali ya haraka), au Mayday (wito wa hatari kubwa) kama ndege inakushinda. Weka transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kwenye 7700, namba ya dharura. Usione haya.

Na kama ni hewa ya nje iliyoziba?

Kimo kimeganda na saa ya kupanda-kushuka iko sifuri huku unapanda? Tundu la pembeni mwa ndege la kuingizia hewa limeziba. Fungua lile la akiba ndani. Kama ndege haina, vunja kioo cha saa ya kupanda-kushuka. Kasi ikiongezeka kila unapopanda na kupungua unaposhuka, basi ni mrija wa mbele unaopokea upepo wa kupimia kasi, umeziba pamoja na kitundu chake cha kutolea maji. Ruka kwa nguvu ya injini na pua. GPS itakusaidia, lakini inasoma mwendo wa ardhini: kusi ya noti 20 (maili za baharini kwa saa) mgongoni itafanya 110 isomeke 130.

Mara nyingi mkosaji ni nyigu anayejenga kwa udongo, na ndege iliyolala nje bila kifuniko anaikaribia upesi. Ukitua andika kila kitu kwenye kitabu cha ndege, mwambie fundi geji ilisoma ngapi, na usiruke tena mpaka asaini.