Nilivyouguza mkono uliopandikizwa ngozi

Mafuta ya maandazi yaliniunguza mkono, nikapandikizwa ngozi iliyochunwa pajani. Ajabu, paja ndilo lililouma zaidi! Meza dawa za maumivu kwa saa ulizoandikiwa, usingoje uzidiwe.

Bandeji usiifungue kuchungulia. Ngozi mpya ikisogezwa siku za mwanzo haishiki. Jifute kwa kitambaa, mkono ubaki mkavu. Ukilala, uweke juu ya mito miwili, upite usawa wa moyo, uvimbe upungue. Jirani aliniletea asali na dawa ya meno ya kupaka. Nilimshukuru, nikaviweka kabatini.

Homa, usaha, harufu mbaya, damu isiyokoma, au vidole kufa ganzi na kubadilika rangi: rudi hospitali usiku huohuo. Kidonda kikishafunga, daktari akiruhusu, paka mafuta yasiyo na manukato ukikanda taratibu. Juani vaa mikono mirefu.