Namna ya Kuizuia Klabu Yenu Isihamishwe

Mashabiki wa Arusha na Moshi wanaotaka kuilinda klabu yao waanzie kwenye mkataba wa mauziano, kwa kuwa safari huweza kupangwa humo miaka mingi kabla ya tetesi ya kwanza kusikika kijiweni. Anthony Precourt aliinunua Columbus Crew, klabu ya soka ya jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 2013. Oktoba 2017 ndipo umma ulipofahamu kwamba alikusudia kuihamishia Austin, Texas, na kwamba mji huo ulikuwa umetajwa katika makubaliano ya ununuzi. Kabla ya kumpokea mwekezaji, ombeni kwa maandishi vipengele vyote vinavyogusa makao, jina, rangi na nembo, kisha mtafuteni wakili avisome. Makofi ya ukumbini yatasubiri.

Baada ya hapo fungueni katiba. Klabu ya wanachama huwa na kinga ya hisa asilimia 51 dhidi ya 49 za mwekezaji, lakini hisa hizo hazitawafaa sana ikiwa katiba haisemi kwamba makao hayabadilishwi bila kura ya mkutano mkuu. Klabu ya mtu binafsi haina hata kinga hiyo: Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilihamia Singida na msimu wa 2024/25 ikaitwa Singida Black Stars.

Mkataba wa uwanja ni silaha ambayo wengi huisahau. Mwaka 1996, baada ya Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani, kupelekwa Baltimore, jimbo lake la Ohio lilitunga sheria inayoitaka timu inayonufaika na fedha za umma kutoa notisi ya miezi sita na kuwapa wenyeji nafasi ya kuinunua. Ndiyo iliyotumika kumshtaki Precourt mwaka 2018. Kwetu, sharti kama hilo linaweza kuandikwa katika mkataba wa pango, iwe ni kwa Sheikh Amri Abeid au kwa uwanja mpya wa Arusha unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027.

Jambo gumu zaidi ni majukwaa. Mkijaa siku ya Simba na Yanga tu, mechi nyingine mkawaachia watoto na wauza karanga, mmiliki atapiga picha za viti vitupu na hoja yake itakuwa na nguvu, tena ya haki.

Maandamano peke yake hayatoshi. Tafuteni mnunuzi mapema. Crew ilinusurika kwa sababu familia za Haslam na Edwards zilijitokeza na kuichukua Januari 2019, naye Precourt akaanzisha Austin FC, iliyoingia ligini 2021.

Ikishindikana kabisa, fanyeni kama mashabiki wa Wimbledon ya London: tume iliyoundwa na chama cha soka cha England iliporuhusu klabu yao iende Milton Keynes mwaka 2002, waliunda AFC Wimbledon mwaka huo huo, wakaanzia madaraja ya chini. Kwenu hiyo ina maana ya kwenda kwa msajili wa vyama vya michezo mkiwa na katiba mpya, na kukubali kuanza na ligi ya wilaya.