Kabla ya Kuongeza Kitu Kwenye Gari au Nyumba, Jua Kilichopo Kinabeba Nini

Anayetaka kufunga taa za ziada kwenye gari, au rafu ya vitabu sebuleni, huanza kwa kufikiria anachokwenda kununua: taa ipi, mbao gani, rangi gani. Swali la kwanza lilipaswa kuwa kuhusu kinachopokea. Ule waya, lile paa, ule ukuta, ulipigiwa hesabu ya kubeba kiasi gani? Gari lilitoka kiwandani na nyumba ilitoka mikononi mwa mjenzi zikiwa na hesabu zake tayari. Ukiongeza kitu unaingilia hesabu ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hayupo wa kumuuliza.

Umeme wa gari ndiko wengi wanakoanzia, na ndiko madhara yanakojificha kwa muda mrefu. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kidogo. Ukiziunga kwenye waya wa taa ndogo za kuegeshea kwa sababu tu waya huo umepita karibu, umeubebesha kazi isiyo yake. Siku ya kwanza hutaona kitu. Waya unapata joto taratibu, ganda lake la plastiki linalainika, kisha siku moja shaba inagusa bodi ya gari. Hata usipoungua, mwanga utakuwa hafifu: waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 4 unameza karibu volti 0.9 kwa mzigo huo, na volti hiyo ndiyo uliyoitaka ifike kwenye taa.

Kwa hiyo njia ya umeme hupangwa kabla ya taa kununuliwa. Waya wenye unene wa kutosha utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), ndipo uende kwenye taa. Swichi ya kwenye dashibodi iiamshe rilei tu, isibebe ampea zote yenyewe. Panga pia ni wapi waya utapita kwenye tundu la bati na uwe na kipande cha mpira cha kuvika ukingo wa tundu hilo, kwa sababu mtikisiko wa injini unaukwangua waya kila siku bila kelele.

Fyuzi inaeleweka vibaya sana. Haikuwekwa kulinda taa, imewekwa kulinda waya. Ndiyo maana inakaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwani kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukiiweka kule mbele jirani na taa, halafu waya ukachubuka katikati na kugusa bodi, waya utaungua wote na fyuzi utaikuta nzima. Kadhalika, anayetoa fyuzi ya ampea 15 na kuchomeka ya 30 kwa sababu ile ndogo "inakatika ovyo" hajatengeneza chochote, amemziba mdomo shahidi.

Kabla ya kushika spana, vua pete na saa ya chuma. Kisha toa waya hasi wa betri kwanza, na uurudishe wa mwisho. Sababu ni hii: bodi nzima ya gari imeungwa na hasi, kwa hiyo spana iliyoko kwenye kichwa cha chanya ikigusa bati lolote inafunga mzunguko na cheche zinaruka juu ya betri inayoweza kuwa imetoa gesi ya hidrojeni. Hasi ikiwa imeshatoka, mguso huo hauna madhara. Ikiwa kazi yako inagusa usukani, viti vya mbele au nguzo za pembeni, huko kuna eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea, na nyaya zake, ambazo mara nyingi huwa za manjano. Mfumo huo hubaki na umeme kwa muda hata betri ikishatolewa. Mwongozo wa gari lako ndio unaosema usubiri dakika ngapi, na mimi ningependa kazi ya namna hiyo aifanye aliyesomea.

Uzito nao una hesabu zake. Kila gari lina kikomo cha mzigo wa juu ya paa, kimeandikwa kwenye kitabu chake, na keria yenyewe inahesabiwa ndani ya kikomo hicho. Watu husahau hilo, halafu wanapandisha hema, madumu na gurudumu la akiba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 kabla hujapima kingine chochote. Tena mzigo wa juu hauchoshi springi tu, unapandisha kitovu cha uzito, na gari linaanza kulala kwenye kona ambazo jana lilikuwa linazipita bila shida.

Tairi kubwa huvutia macho, lakini piga hesabu kwanza. Tairi ya 205/55 R16 (upana milimita 205, kimo asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) ina kipenyo cha milimita 632 hivi. Ukivalisha 205/65 R16, kipenyo kinafika karibu 673, sawa na ongezeko la asilimia 6. Maana yake ni kwamba mshale wa spidi ukisema 100, gari linakwenda karibu 106. Hapo hatujagusa breki, ambazo sasa zinasimamisha gurudumu kubwa zaidi, wala nafasi ya tairi ndani ya upinde wa bodi pale usukani unapokatwa hadi mwisho. Uliza pia sheria ya unakoliendesha na kampuni yako ya bima, maana badiliko ambalo bima haikuambiwa linaweza kukugharimu siku ya madai.

Na chini ya gari hakuna mjadala: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kushikilia. Kama huna stendi, kazi ya chini ya gari haijafika wakati wake.

Nyumbani swali ni lile lile, ila mzigo umejificha kwenye plasta. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja iliyokaa mahali pamoja, usiku na mchana. Dari ambayo mtu anaweza kutembea juu yake haijathibitisha kwamba inaweza kulibeba. Ukuta unaotaka kuuvunja ili sebule iwe pana unaweza kuwa ndio unaoshika boriti za juu, na kuugonga kwa vidole usikie mlio hakutoshi kukujibu. Hapo lipia saa moja ya mhandisi. Ni ghali kuliko kugonga kwa vidole na ni rahisi kuliko kuweka nguzo za dharura.

Kutoboa ukuta ni kazi ndogo yenye mtego. Nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au huenda mlalo sawasawa nazo. Basi usitoboe juu, chini wala pembeni mwa soketi ukadhani upo salama kwa kuwa huoni kitu. Hata hivyo si kila fundi aliyepita hapo kabla yako alifuata utaratibu, kwa hiyo kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba kina faida hata kama utakiazima tu. Nyumba ikiwa ya zamani, fikiria pia kilichomo kwenye vumbi. Uingereza ilimalizia kupiga marufuku asbestosi, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, mwaka 1999, na Marekani ilizuia rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Dari na rangi za zamani zipimwe kabla ya kupigwa msasa, maana barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la aina hiyo.

Ukizima umeme kwenye bodi ya swichi kuu za nyumba, usiamini lebo iliyoandikwa kwa kalamu miaka mingi iliyopita. Ijaribu testa kwenye soketi yenye umeme ujue inafanya kazi, pima pale unapotaka kushika, kisha rudi uijaribu tena kwenye ile yenye umeme. Testa iliyokufa katikati ya kazi inasema "hakuna umeme" kila mahali. Waya wa kuongezea unaoendeshea drili au mashine ya kukatia ufungue wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu ukibaki umeviringwa joto halina pa kutokea.

Saruji mbichi inachoma ngozi, hivyo glavu zisiwe za pamba. Dawa ya kung'arisha vigae yenye asidi isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, kwani mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Kuhusu zana, azima zile utakazozitumia mara moja, nunua zile utakazozishika kila mwezi.

Kazi ya bomba ina sharti lake la ziada. Itafute koki kuu, ifunge, kisha fungua bomba la chini kabisa uone kama maji yanakatika kweli, kwani koki iliyokaa miaka bila kuguswa hukataa kufunga hadi mwisho. Jaza ndoo mbili za akiba. Na uanze asubuhi siku ambayo maduka ya vifaa yanafunguliwa, kwa sababu kiungo kilichooza utakigundua baada ya kufungua, na saa mbili usiku hakuna wa kukuuzia kingine.