Jinsi ya kumpatia mzazi mzee bima ya safari, kwa kadi ya mkopo au bila kadi

Dada yangu alipojifungua kule Hamburg, Ujerumani, mama alikuwa na miaka 74. Tulikubaliana aende akamwone mjukuu, akae huko miezi miwili. Mimi niliye Nairobi nikapewa kazi ya makaratasi. Tiketi niliilipia kwa kadi yangu ya mkopo, maana kijitabu cha benki kilisema kadi hiyo inakuja na bima ya safari bila malipo ya ziada. Nikachukua cheti cha bima benki, nikakitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya mwaliko na taarifa za akaunti, tukaenda na mama kituo cha kupokea maombi ya viza. Msichana wa kaunta alikisoma cheti, akakigeuza nyuma, akauliza kwa upole, "Mama, jina lako liko wapi hapa?" Halikuwepo. Lililokuwepo ni langu.

Usiku ule niliomba masharti kamili kwa baruapepe na kuyasoma yote. Nikakuta nimekosea mara mbili. Bima ile ilimhusu mwenye kadi, mume au mke wake, na watoto wake wadogo. Mzazi hakutajwa popote. Tena hata kama kadi ingekuwa ya mama mwenyewe, ukurasa wa kumi na moja, kwa herufi ndogo kama punje za mtama, uliweka kikomo cha umri: miaka 70. Mama alinisikiliza nikimsomea, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi, mwanangu, nimepitwa na wakati hata wa kuumwa?" Neno hilo liliniuma. Ndiyo sababu naandika haya, ili mtoto mwingine anayemsafirisha mzazi wake asiambiwe neno kama hilo.

Anza na nchi anakokwenda

Kabla ya kuuliza benki chochote, jua nchi inadai nini, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kama kadi inaweza kutosha.

Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, ambazo sasa ni 29, zina sharti moja lililo kwenye kanuni zao za viza tangu 2009. Bima iwe ya angalau yuro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen na si ile moja tu anayokwenda, na idumu siku zote za kukaa kwake. Iwe inalipia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na gharama za kifo. Usione haya kusoma hilo la mwisho mbele ya mzazi. Wazee wetu wanalizungumza kwa utulivu kuliko sisi. Ukiomba viza ya kuingia mara nyingi, unaonyesha bima ya safari ya kwanza tu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Mimi nashauri suala la bima ulishike miezi miwili mapema, maana kwa mzee kuna barua na ripoti za kusubiri.

Uingereza haidai bima ili kutoa viza. Lakini mgeni akilazwa katika hospitali ya umma huko anaweza kutozwa asilimia 150 ya bei ambayo huduma yao ya afya imejiwekea, kwa hiyo kutodaiwa bima kusikufanye umwache mzazi aende mikono mitupu. Marekani ni vivyo hivyo: hawadai, lakini usiku mmoja hospitalini unaweza kumaliza akiba ya ukoo.

Kanada ina jambo lake. Baadhi ya wazazi wa hapa wanakwenda kwa viza maalumu ya wazazi na mababu, inayomruhusu mtu kukaa hadi miaka mitano kwa mara moja. Hiyo inadai bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima kuanzia siku ya kuingia. Zamani ilikuwa lazima itoke kwa kampuni ya Kanada; tangu Januari 2025 inakubaliwa pia ya kampuni ya nje iliyoidhinishwa na msimamizi wa fedha wa huko. Bima za kadi kwa kawaida huhesabu safari kwa siku au miezi michache. Kama ni viza hiyo unayoomba, achana na kadi na umwombe yule ndugu aliye Kanada atafute bima kutoka huko huko.

Na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, isikuchanganye. Ni ya matibabu ya nyumbani, haichukui nafasi ya bima ya safari kwenye kaunta ya viza.

Kisha ikague kadi yenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi ya mkopo si sawa na kadi ya ATM, na kadi za mkopo zenyewe hazilingani. Ya kawaida mara nyingi haina bima ya matibabu ya nje. Zinazokuja nayo ni za daraja la juu, zile za dhahabu, platinamu na kwenda juu. Afisa wa benki tawini atakupa kijitabu chenye picha ya ndege. Mshukuru, halafu mwombe hati kamili ya bima, ile yenye fasili za maneno na orodha ya yasiyolipiwa. Benki haiandiki bima hiyo yenyewe, inainunua kwa kampuni ya bima, na jina la kampuni hiyo limo ndani ya hati. Ukishaipata, tafuta fasili ya "mwenye bima". Hapo ndipo palipoandikwa nani anafunikwa.

Kwetu, ni watoto wanaolipia tiketi za wazazi. Bima nyingi za kadi hazikutungwa kwa desturi hiyo. Kulipa kwa kadi yako hakumfanyi mama yako awe mwenye bima. Baadhi ya benki hutoa kadi ya nyongeza kwa jina la mzazi chini ya akaunti yako, na baadhi ya bima humkubali mwenye kadi hiyo ya nyongeza, nyingine hazimkubali. Usikisie. Andikia benki baruapepe na uulize waziwazi: je, mzazi wangu mwenye kadi ya nyongeza, aliyezaliwa mwaka fulani, anafunikwa akisafiri peke yake bila mimi? Hayo maneno "peke yake" yaweke, kwa sababu kuna bima zinazomfunika jamaa wa mwenye kadi pale tu wanaposafiri pamoja.

Katika barua hiyo hiyo uliza kikomo cha umri, na kinahesabiwa siku gani: siku ya kulipa tiketi, siku ya kuondoka, au siku ya kurudi. Mzee anayetimiza miaka 75 akiwa safarini anaweza kuondoka akiwa na bima na kuamka siku moja hana. Uliza siku za juu kabisa za safari moja. Uliza ugonjwa aliokuwa nao kabla ya safari unashughulikiwa vipi. Uliza kiasi atakachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Majibu yawe ya maandishi. Afisa akikupigia simu na kukuambia "iko sawa kabisa", mjibu kwa heshima kwamba unaomba aliandike hilo.

Ukiridhika, ndipo ulipe tiketi. Bima nyingi za aina hii huamka tu pale tiketi inapolipwa kwa kadi yenyewe, mara nyingi nauli yote na si sehemu yake. Ukienda kwa wakala wa usafiri pale Moi Avenue ukalipa kwa M-Pesa kwa sababu ni haraka, kadi iliyo mfukoni haikusaidii kitu. Lakini kuna mtego mwingine hapa: kwa viza ya Schengen kwa kawaida unahitaji kuonyesha nafasi iliyowekwa kwenye ndege, si lazima tiketi iliyolipwa. Bima ya kadi inakulazimisha ulipe kabla hujajua kama viza itatoka. Ukiamua njia hii, nunua tiketi inayorudishiwa pesa, hata ikiwa ghali kidogo. Kwangu mimi, tofauti hiyo ya bei uihesabu kuwa ndiyo bei ya hiyo bima iitwayo ya bure, kisha uilinganishe na bima ya kununua kando.

Baada ya kulipa, omba cheti cha bima cha kupeleka kwenye maombi ya viza. Kikifika, kaa mezani na pasipoti ya mzazi imefunguliwa, ulinganishe herufi kwa herufi. Wazee wengi wana tarehe ya kuzaliwa ya makadirio, na kitambulisho kinaweza kusema hivi na pasipoti vile. Inayotawala ni pasipoti. Cheti kiseme jina lake lote, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na kuisha, eneo lote la Schengen, kiasi, na kurudishwa nyumbani kwa matibabu. Kikikosa kimoja, kirudishe siku hiyo hiyo.

Kadi isipotosha

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulinunua bima ya peke yake, na sijuti. Chagua kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni huiweka wazi, na ofisi zao ziko Zep-Re Place, barabara ya Longonot, Upper Hill. Mpe wakala tarehe ya kuzaliwa ya mzazi kabla ya kuuliza bei. Bei hupanda kwa umri, na wengine huomba ripoti ya daktari.

Kuna kitu kimoja ambacho wakala wa kwanza hakuniambia, nikakiona mwenyewe kwenye jedwali: bima nyingine hupunguza kiasi cha fidia kwa wazee. Ukurasa wa mbele unaweza kutangaza yuro 50,000, halafu mwenye miaka zaidi ya 75 akapewa nusu. Nusu ya 50,000 haifiki 30,000, na ubalozi una haki ya kuikataa. Omba kiasi cha umri wa mzazi wako kiandikwe kwenye cheti chenyewe. Uliza pia kama ada itarudishwa viza ikinyimwa.

Kisha kuna fomu ya afya. Mama ana sukari na presha. Alipofika kwenye swali la magonjwa aliniambia tuandike hana, wasije wakamkatalia. Namwelewa. Lakini ugonjwa uliofichwa unaweza kuwa sababu ya kampuni kukataa kulipa, na hospitali ya ugenini itaona vidonge vyake kabla hata haijaona pasipoti yake. Tuliandika yote: ugonjwa, mwaka ulioanza, dawa na kipimo chake, kama daktari wake alivyozipanga kwenye barua. Kampuni moja ilikataa. Ya pili ilikubali kwa nyongeza ya ada, na ikaandika kwamba dharura itokanayo na sukari italipiwa hadi kiwango fulani. Sentensi hiyo niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Siku ya kuondoka na baada yake

Chapisha cheti nakala tatu: moja mkobani mwake, moja kwa mwenyeji wake, moja ubaki nayo. Namba ya simu ya msaada wa dharura mwandikie kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, kwa sababu simu ya mzee huisha chaji saa ile ile inapohitajika. Dawa zote ziende mkobani, na barua ya daktari juu yake. Insulini isiwekwe kamwe kwenye sanduku la chini ya ndege, baridi ya kule inaweza kuiharibu.

Mwelekeze mwenyeji kwamba ugonjwa ukitokea, apige namba ile kabla ya kulazwa, au mara tu hali inaporuhusu. Mama alipokuwa na wiki tatu Hamburg, sukari ilipanda usiku. Dada alipiga simu, akatajiwa kliniki ya kumpeleka, akapewa namba ya faili. Ile namba ya faili ndiyo iliyotubeba hadi mwisho. Wakati wa kudai tuliambatanisha risiti za awali, ripoti ya daktari, nakala ya pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka, na tiketi. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye hati, na huwa mfupi, kwa hiyo tuma taarifa kwanza hata kama karatasi hazijakamilika.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, iandikie rasmi ukitaja kifungu cha hati unachokitegemea, na uombe sababu kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko IRA pamoja na hati ya bima, cheti, fomu ya afya uliyojaza na barua zote mlizoandikiana, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.