Samaki wa gamba Michenzani

Birika langu la chai lina ukoko mweupe wa chokaa ndani, kama mabirika yote ya hapa Unguja. Maji yetu yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe. Samaki wengi wa mapambo hayawafai, ila Lamprologus ocellatus wa Ziwa Tanganyika anajiona yuko kwao. Ziwani pH (kipimo cha asidi; ikiwa juu, maji yana magadi) inakaribia 9.

Ni mdogo, sentimita 5 hivi, haondoki chini, na nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Kwa hiyo usihangaike na kimo cha tangi, tafuta sakafu. Langu alilitengeneza fundi vioo, sentimita 60 kwa 30. Mchanga mweupe nilipewa na jirani anayejenga, nikauchekecha na kuuosha mpaka maji yakatoka safi. Tia kina cha sentimita 5 au zaidi, maana atachimba. Magamba ya konokono wa shamba utayaokota chini ya migomba: chagua ya ukubwa wa ndimu, yachemshe nusu saa, yatikise mpaka yasinuke.

Washa pampu na chujio la sponji, tia punje chache za chakula zioze, ungoje wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki, mpaka wamee bakteria wa kula amonia, sumu ya kinyesi na uozo. Usifanye papara hapo. Kwenye maji yenye pH ya juu, amonia kidogo tu inaua.

Mie nilikosea nikatia madume mawili. Siku ya tatu mmoja kajibana juu kwenye kona, mapezi yamechanika, mwenzake yuko chini anamtolea macho. Weka dume moja, majike mawili, na magamba mawili kwa kila samaki. Makao ya kila jike yapishane shubiri moja, katikati jiwe, wasionane.

Chakula nawapa viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la jirani (kwake sasa mbu wamepungua). Kila wiki badilisha sehemu moja ya tano ya maji, yawe yamelala ndooni usiku kucha. Wakati wa kaskazi elekeza feni juu ya maji yapoe.

Jioni ya kwanza kaa umtazame. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, gamba linainama, linazama kidogo kidogo hadi tundu lake tu ndilo linaloonekana. Akishamaliza usimhamishie. Mie nilitia mkono nilisogeze, akaning'ata kidole, na mwenyewe hakifikii kidole changu kwa urefu.