Jinsi ya kusoma Biblia kwa udadisi bila kuona maswali ni dhambi

Wengi tumekua tukiamini kwamba kuuliza uliza ni dalili ya imani haba, ila ukiifungua Biblia yenyewe unakuta watu wanauliza mwanzo mwisho. Mariamu alimuuliza malaika hilo jambo litawezekanaje, na watu wa Beroya (Matendo 17:11) wanasifiwa kabisa kwa kuchunguza maandiko kila siku waone kama anayosema Paulo ni kweli, yaani Paulo mwenyewe alichekiwa! Halafu soma Kutoka 3:4 vizuri, Mungu alimwita Musa baada ya kuona amegeuka ili atazame kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea.

Sasa unaanzaje? Chukua habari moja fupi, sio sura tano, na ikiwezekana iwe ile unayodhani unaijua maana hiyo ndo huwa unaipita bila kuona kitu. Isome taratibu mara mbili tatu afu andika maswali kwenye daftari, hata ya kitoto, nani anaongea, wako wapi, ni msimu gani, kwa nini mwandishi kataja kitu ambacho angeweza kukiruka. Usikimbilie "hii inanifundisha nini mimi", hilo litakuja lenyewe.

Mfano Yesu anavyolisha watu elfu tano, Marko 6. Mstari wa 39 watu wanaketishwa penye majani mabichi. Nani anajali majani yalikuwaje? We jali. Yohana 6:4 anasema Pasaka ilikuwa karibu, na kule Israeli Pasaka inakuja mvua za baridi zikiwa zinaisha, kwa hiyo nyasi ziko kijani kweli na shayiri ndo inaanza kuvunwa, na Yohana huyo huyo anasema mikate ilikuwa ya shayiri. Ishike hiyo shayiri, fuata marejeo (ile mistari mingine inayotajwa pembeni au chini ya ukurasa) hadi 2 Wafalme 4:42, unamkuta nabii Elisha na mikate 20 ya shayiri na watu 100, wakala wakasaza. Sasa rudi Marko mstari wa 34, "kama kondoo wasio na mchungaji", kisha soma Zaburi 23, ile ya "Bwana ndiye mchungaji wangu", ukiwa na yale majani mabichi kichwani. Mimi siamini kama ni bahati tu.

Swali likigoma linganisha tafsiri mbili, Union Version na Habari Njema mfano, au tafuta mtu wa kumuuliza kama yule towashi Mwethiopia alivyomwambia Filipo hawezi kuelewa asipoongozwa. Mengine utakaa nayo miaka, sio tatizo.

Ila chunga udadisi wa umbea. Petro aliuliza kuhusu mwenzake, "Bwana, na huyu je?", Yesu akamjibu "imekupasaje wewe?" (Yohana 21:22). Maswali ya hivyo ukiyakuta kwenye daftari lako piga mstari, endelea na mengine.